Uji wa Jumanne

Kichupa chenyewe ni kidogo, kinaingia kiganjani. Mdomo wake mpana, kifuniko cha bati kimeshika kutu pembeni. Nimekikuta leo kwenye kabati la jikoni kwa mama, nyuma ya kopo la majani ya chai, kikiwa na chumvi mpaka nusu. Tulimzika Jumamosi. Wageni wameondoka, hema limeshushwa, na mimi ndiye niliyeachiwa sufuria, maana wake za ndugu zangu wana migongo inayouma kila panapoonekana masizi. Sina nguvu ya kugombana nao. Nimekaa kwenye kigoda, nikafungua kifuniko, nikanusa. Chumvi haina harufu, najua. Lakini mimi nilisikia spiriti, nikasikia na uji uliolala, nikajua leo sitamaliza kuosha.

Kwetu ni chini ya Kisian. Ukiiacha barabara ya Busia unateremka kwa miguu mpaka ziwa linatokea kati ya miti. Mama alikuwa mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Alfajiri yuko ufuoni ananunua, mchana anaanika, siku ya soko anabeba gunia kichwani mpaka Kisian. Baba alikuwa Muhoroni kwenye miwa, tukimwona mwisho wa mwezi akija na nguo zinazonata. Mimi nilikuwa na miaka minane hivi, na muhula ule nilikuwa nimetolewa shule kidogo, kwa sababu kazi yangu ilikuwa Okoth.

Okoth ni mdogo wangu. Wakati huo alikuwa na mwaka na nusu, kichwa kikubwa, miguu miembamba, na tumbo lisilotulia. Wiki hii anahara, wiki ijayo anapata nafuu, akianza kucheka tu anahara tena. Mama alisema ni meno. Majirani wakasema ni meno. Nilikuwa namfungua mdomo nayatafuta hayo meno, mwaka mzima yanatoka na hayaonekani, nikadhani labda yanatokea tumboni.

Ninyi wa rika langu mnajua uji wa kutwa ulivyokuwa. Mama alipika asubuhi na mapema, mtama na muhogo, sufuria nzima, akaufunika na sinia, akaenda zake. Huo ndio wa asubuhi, wa mchana na wa jioni, na ukibaki ndio wa kesho mpaka mpya upikwe. Kufika saa sita ulikuwa umeganda, una ngozi juu, mwiko unasimama wenyewe. Mtoto mdogo hawezi kumeza kitu kama hicho. Kwa hiyo niliuongeza maji. Nilichovya kikombe kwenye dapi, ule mtungi wetu wa udongo wa maji ya kunywa. Yalikuwa maji ya ziwa yaliyoachwa mpaka tope likashuka. Nilimimina, nikakoroga kwa kidole, nikaonja, nikampa. Hakuna aliyenifundisha, nilimwona shangazi akifanya. Kuni zilikuwa za kutafutwa mbali, na nani angewasha moto upya kwa ajili ya kikombe kimoja?

Ndipo akaja Bwana Njoroge. Chifu alimleta kwenye baraza, kijana wa kutoka upande wa Nyeri, mwembamba, shati jeupe na tai, Kiswahili chake kina haraka kuliko chetu. Alieleza kwamba watoto wa upande huu wa ziwa wanahara kupita kiasi, na watu wa maabara wanataka kujua ni nini kinawaingia. Kuna vijidudu, alisema, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, vinapenda chakula kama sisi tunavyokipenda. Atapita kila Jumanne katika nyumba zenye watoto wadogo, achukue kijiko kimoja cha chakula cha mtoto, akakipime. Akina mama wakaangalia mikono yao, wakaificha ndani ya leso.

Alikuja na pikipiki. Nyuma amefunga sanduku lenye barafu, ndani vichupa vimepangwa vyote vina karatasi ya jina. Kabla ya kushika kitu alijipangusa vidole kwa pamba yenye spiriti, kimoja kimoja, mpaka kwenye kucha. Mama Akinyi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alisema huyu mtu anatuona wachafu. Mama akamwambia hapana, hiyo ni adabu, kwao wananawa hivyo. Halafu Bwana Njoroge akasema kwa upole, akiwa ameinama kidogo mlangoni, "Mama, naomba kidogo, ile chakula ya mtoto."

Mama alipomsikia mwanamume wa tai anaomba chakula mlangoni pake, hakuna kitu kingine angeweza kufanya. Jumanne hakwenda tena ufuoni. Aliamka akasugua sufuria ndogo kwa majivu mpaka ikang'aa, akachekecha unga mara mbili, akaazima maziwa, akatwanga njugu. Maji aliyachota kwenye pipa la mvua. Uji ulichemka mpaka ukaruka kwenye moto, na ulipoiva aliupakua ukitoa mvuke, akauweka kwenye kikombe cha maua kilichokuwa cha mchungaji na wakwe. Bwana Njoroge alichota kijiko chake kutoka hapo, akaandika saa, akafunga, akaenda kwa Mama Akinyi, ambako naye alikuwa ameamka mapema. Jumatatu jioni ulisikia vinu vya njugu kila boma. Hakuna aliyemwambia mwenzake afanye hivyo, na hakuna aliyeona kwamba ni udanganyifu. Ni mgeni amekuja.

Mimi nilikuwa na yangu kichwani. Nilijua kabisa kwamba anaula. Mtu anayenawa vidole namna ile, kabla tu ya kugusa chakula, ananawia nini kama si kula? Na alikuwa mwembamba. Akikaribishwa kukaa alisema ana kazi, lakini alibeba, na vijiko vya nyumba kumi na kitu vikiunganishwa ni bakuli zuri la jioni. Watoto wa Kisian walisema hana mke, analala chumba kimoja nyuma ya duka. Nilimhurumia sana. Nilimwona akifika kwake, akivipasha moto vichupa vyake, akila uji wa nyumba mbalimbali peke yake. Sikumwambia mtu, kwa sababu njaa ya mtu mzima haitangazwi.

Na niseme ukweli, niliipenda Jumanne. Uliobaki kwenye sufuria ndogo ulikuwa wetu, mimi na Okoth, wenye maziwa na njugu, na kila Jumanne Okoth alilala vizuri. Jumatano tulirudi kwenye sufuria kubwa.

Baada ya mvua ndefu chifu akaitisha baraza lingine. Bwana Njoroge alileta sahani za kioo zenye vifuniko, ndogo, bapa, zina kitu kama utomvu ulioganda. Moja alikuwa amemwacha nzi atembee juu yake, na kila alipokanyaga pameota doa. Nyingine aliibonyeza kwa kidole chake mwenyewe kabla ya kunawa, ikaota ua la ajabu. Akina mama walishika vinywa. Kisha akainua sahani za chakula chetu, na zilikuwa tupu. Safi kama kioo cha dirisha. Alisema kwamba kwa miezi yote hiyo ameona chakula cha watoto wa hapa hakina shida, na kwamba kazi ya chakula itafungwa, watatafuta sababu mahali pengine, labda minyoo, labda wahamie upande wa Sondu. Watu walipiga makofi. Yeye hakuwa na furaha, alikusanya sahani zake kama mtu anayekusanya vyombo baada ya kula na hakushiba. Lakini mama siku hiyo alirudi nyumbani akitembea katikati ya njia. Maabara imesema nyumba yake ni safi.

Wiki ile ile Okoth akaanza tena, na safari hii hapakuwa na nafuu katikati.

Bwana Njoroge alikuwa na mzunguko wa mwisho. Jumanne tulimngojea, uji ukapoa, hakufika. Pikipiki ilikuwa imeharibika. Akaja Alhamisi, saa sita na jua lake, mama akiwa soko la Kisian na gunia lake. Nilikuwa mlangoni na Okoth mgongoni. Alikuwa ameacha kulia tangu asubuhi na mimi nilishukuru, nikidhani amechoka kunisumbua. Bwana Njoroge akapangusa vidole, akatoa kichupa, akasema basi nimpe mimi, kidogo tu, ile ya mtoto.

Niliziba mlango. "Hii si yako," nikamwambia. "Yako inapikwa Jumanne."

Alicheka kwanza. "Na hii iliyo ndani ni ya nani?"

"Ni ya mtoto."

"Si ndiyo naomba kila siku? Ya mtoto."

Niliona hanielewi, na nikaogopa kwamba njaa ndiyo inamfanya alazimishe. Kwa hiyo nikamwambia kama ninavyomwambia mtoto mwenzangu. "Hii ni ya jana. Ukikula utaumwa na tumbo."

Kicheko kikaisha. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akaniangalia, akamwangalia Okoth begani kwangu. "Na Okoth je?"

"Okoth si mgeni," nikasema.

Bwana Njoroge aliinuka. Alikaa kwenye jiwe letu la kuanikia vyombo, akavua tai, akaikunja, akaitia mfukoni. Sasa mimi ni mkubwa kuliko alivyokuwa yeye siku ile, na nimefanya kazi ambazo mwisho wake niliambiwa zilikuwa bure, kwa hiyo najua alichokuwa anakipigia hesabu pale juu ya jiwe. Kisha akasema nimwonyeshe namna ninavyomlisha, kila kitu, nisibadilishe. Nikamwonyesha. Nikafunua sufuria, nzi wakainuka. Nikachovya kikombe kwenye dapi, mkono ukaingia mpaka kwenye kifundo. Nikamimina, nikakoroga kwa kidole, nikaonja. Alichota uji kwenye kichupa kimoja, maji kwenye kingine. Nilimsihi asile. Alisema hatakula.

Ndipo akaomba kumshika Okoth. Alimfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaachia, na ngozi ikabaki imekunjwa, imesimama peke yake. Sikuwahi kuona hivyo. Alinipandisha kwenye pikipiki mbele yake, Okoth amefungwa kifuani kwangu kwa leso, na kile kichupa cha maji akakisahau juu ya jiwe.

Mama alituona tukiingia sokoni. Binti yake juu ya pikipiki na mwanamume, amelowa jasho na machozi. Aliacha omena chini wazi kwenye gunia, mbele ya watu wote, akapanda. Kisumu hospitalini walimnyoa Okoth upande mmoja wa kichwa wakamtia maji ya mshipa hapo, kwa sababu mishipa ya mikono ilikuwa imepotea. Muuguzi alituambia tungengoja mpaka jioni tusingehitaji kuja. Usiku wa pili Okoth alikojoa, maji yamerudi mwilini, na mama akalia kwa sababu ya mkojo. Mimi nililala chini ya kitanda siku zote nne, nikiwaza kwamba nimempa mtu wa tai chakula cha jana, na kwamba mama akijua nitakiona cha mtema kuni.

Jumanne iliyofuata Bwana Njoroge alikuja nyumbani bila tai. Mama alikuwa amepika, maziwa na njugu, kikombe cha maua. Hakukigusa. Aliweka sahani mbili za kioo mezani, moja tupu, nyingine imejaa madoa ya njano mpaka yameshikana, hata kioo hukioni. Mama aliielekezea kidole ile ya njano.

"Hii ni ya nyumba yangu?"

"Ndiyo mama. Ni ya Alhamisi."

Mama aliniangalia mara moja tu. Sijawahi kusahau macho yale, na nimejaribu. Halafu akamgeukia mgeni, Kiswahili chake kikiwa kizito kwa aibu. "Wewe ulikuja hapa mgeni. Mgeni hawezi pewa chakula ya jana. Kwenu mama yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha, mama. Hata yeye angefanya hivyo."

"Sasa mbona hukusema unataka ile mbaya?"

Bwana Njoroge alijipangusa uso kwa kiganja. "Sikujua iko mbili," akasema.

Hayo ndiyo yote waliyoambiana. Alianza kazi yake upya, tangu mwanzo. Sasa alikuja siku yoyote, saa yoyote, bila hodi ya mapema, na akina mama wakamchukia. Sahani za baraza lililofuata zilikuwa za njano zote, na hakuna aliyepiga makofi. Mama Akinyi aliacha kutugawia moto. Alisema mbele za watu ufuoni kwamba binti wa nyumba hii amewavua nguo wanawake wa kijiji kizima. Mama akajitwika debe lake akaondoka. Na hakunipiga. Afadhali angenipiga, yangeisha. Kilichofanyika ni kwamba kwa muda mrefu, mgeni akibisha, mama aliniambia nikae jikoni, akaenda kufungua mwenyewe.

Lakini alichemsha maji. Tangu siku ile mpaka alipozeeka, kila tone. Aliwasha moto mchana kwa ajili ya kikombe kimoja cha Okoth, na kwa kuwa moto unataka kuni, na kuni zilikuwa mbali, ni mgongo wangu uliozileta. Nilibeba kuni utoto wote uliobaki. Kile kichupa cha jiweni mama alikimwaga maji, akakichemsha, akatia chumvi. Bwana Njoroge alipokikumbuka, mama alimwambia hiki kimebaki hapa. Siku yake ya mwisho kwetu mgeni huyo alikunywa uji, wa sufuria kubwa, uliochemka mbele yake. Nilimwambia nilidhani alikuwa anaula ule wa vichupa. Alicheka mpaka akatoa ile pamba yake kufuta macho, kisha akalia kwa sababu ina spiriti. Sijui kazi yake ilisomwa na nani. Okoth sasa ana kitambi na anaamrisha watu, na Jumamosi alilalamika kwamba supu ya matanga ni ya moto mno.

Mama alimalizia siku zake kwangu, Kisumu mjini, miezi saba. Mimi ni mpishi wa kantini, nasimama kwenye majiko ya watu tangu saa kumi na moja. Ni moyo uliomwondoa, daktari alisema hivyo, na sina sababu ya kumbishia. Lakini kuna siku moja, wiki tatu kabla. Nilirudi saa saba kumlisha. Uji wa asubuhi ulikuwa umeganda, una ngozi juu. Gesi imeisha, makaa yako chini kwa muuzaji, ngazi ni nyingi, miguu yangu imevimba. Nilisimama pale jikoni nikijua kila kitu, mimi kuliko mtu yeyote duniani. Nikachota maji ya ndoo, hayajachemshwa, nikamimina, nikakoroga.

Siku hizo alikuwa anajua watu leo na kesho hawajui. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akakichungulia, akaniuliza taratibu, "Huu ni wa Jumanne?"

Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia ndiyo, mama, ni wa Jumanne. Akanywa wote, akafuta mdomo kwa leso, akanishukuru vile mgeni anavyomshukuru mwenye nyumba.